Nilivyopima laini ya maji, na mti wa ufagio

Mti wa ufagio ulikuwa umeegemezwa kwenye mashine ya lebo, ncha yake imelainika kama mwiko uliosonga ugali miaka kumi. Nilishapita hapo mara nyingi sana bila kuuliza ni wa nini.

Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha maji ya chupa hapa Arusha. Oda zilikuwa zinatushinda. Gari la Moshi lilikuwa linaondoka na mzigo pungufu karibu kila wiki, na mzee mwenye kiwanda alishaamua tununue mashine mpya ya kujaza, kubwa kuliko iliyopo. Nikamwomba mwezi mmoja nipime kwanza.

"Upime nini, kijana? Si unaona mwenyewe haitoshi?"

Akakubali kwa shingo upande.

Kipimo chenyewe ni OEE, yaani ufanisi wa jumla wa mashine. Asili yake ni Japani, kwa Seiichi Nakajima, katika mfumo wa TPM unaowashirikisha waendesha mashine kwenye matunzo badala ya kuwaachia mafundi peke yao. Maswali ni matatu. Katika muda uliopangwa, mashine imefanya kazi kiasi gani? Ilipokuwa inafanya kazi, ilikimbia kasi yake? Na ilichotoa, kizuri ni kiasi gani? Majibu yote unayaweka katika asilimia, kisha unayazidisha.

Hesabu yangu ya kwanza ilitoka 86. Nilifurahi kama dakika tano hivi. Nakajima mwenyewe alitaja 85 kuwa ndiyo alama ya viwanda bora, sasa sisi tunaoshindwa kujaza gari la Moshi tumewapitaje Wajapani? Nikarudi kwenye karatasi, nikakuta nimechemka kwenye kasi. Nilichukua wastani wetu wa siku zote, chupa 70 kwa dakika, nikaufanya ndiyo kasi halali. Kumbe kibati cha mashine kinasema chupa 6,000 kwa saa, yaani 100 kwa dakika. Nilikuwa naipima mashine kwa uvivu wake yenyewe.

Nikaanza upya. Zamu ni dakika 480, toa 30 za chakula, zinabaki 450. Daftari linasema mashine ilisimama dakika 54, kwa hiyo ilifanya kazi 396, sawa na asilimia 88. Kwa dakika hizo ilipaswa kutoa chupa 39,600, ikatoa 27,720: asilimia 70. Nzuri zilikuwa asilimia 98. Ukizidisha unapata kama 60. Aisee, siku hiyo chai ilipoa mezani.

Kilichonisumbua ni ile 70. Daftari liliandika matatizo makubwa tu: umeme kukatika, mota kuungua, kubadilisha saizi ya chupa. Hiyo asilimia 30 ya kasi ilikuwa inakwenda wapi? Nikachukua simu, nikafungua stopuwochi, nikasimama saa mbili pembeni ya mashine ya kujaza. Nilichagua hiyo kwa sababu ndiyo inayoamua mwendo wa laini nzima. Ukianza na ya kufunga katoni utapata namba nyingi na usijue uzifanyie nini.

Katika saa hizo mbili ilisimama mara 43. Hakuna mara hata moja iliyofika dakika mbili, lakini jumla zilikuwa dakika 31. Na haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inasimama kwa sababu konveya ya mbele, yaani mkanda unaosafirisha chupa, imejaa, jicho la mashine linaona chupa zimesongamana, linaizima. Msongamano unaanzia kwenye lebo. Chupa zinatoka kwenye kujaza zimelowa, na kipuliza hewa cha kuzikausha kilikuwa na matundu yaliyoziba nusu nzima. Lebo inateleza, inajikunja, chupa inakwama kwenye kona. Hapo chalii wa lebo anachukua ule mti, anachokoa, chupa zinatembea, anaurudisha. Sekunde arobaini. Anafanya hivyo kutwa nzima, kwa ustadi kabisa.

Nikamuuliza mbona haandiki.

"Bro, nikiandika kila ikisimama, jioni naitwa ofisini."

Hakuwa anatania. Kabla yangu, kila kusimama kuliandikwa mbele ya jina la mtu. Nikaenda kwa mzee, nikamwomba kwa wiki mbili asiitwe mtu yeyote, kisha nikabandika karatasi kwenye mashine yenye visanduku vinne tu: lebo, kona, vifuniko, mengineyo. Ikisimama unachora kijiti, ukifika cha tano unavikata nacho vile vinne.

Wiki ya kwanza ile 88 ikaporomoka na mzee akanipigia simu amefura. Nikamwambia, mzee, tazama na kasi, imepanda. Jumla ilibaki palepale kwenye 60, kwa sababu muda uliopotea ni uleule, sasa tu unaandikwa kwa jina lake. Sina hakika alinielewa siku ile. Mimi mwenyewe ilinichukua muda.

Matengenezo hayakuwa makubwa. Tulizibua matundu ya kipuliza kwa waya mwembamba, mawili yaliyokufa tukayabadilisha. Kingo za konveya tukazipiga alama za rangi, nyekundu ya nusu lita, bluu ya lita moja na nusu, maana watu walikuwa wanazirudisha kwa kukadiria macho, na chupa ndogo zikipata nafasi zinalala. Baada ya hapo opereta wa kujaza akapandisha kasi bila kuambiwa. Alikuwa ameishusha muda mrefu ili kumpunguzia mwenzake kuchokoa, na jambo hilo halikuwa kwenye daftari lolote.

Baada ya wiki sita tulikuwa tunacheza kwenye 72, 73. Mashine mpya haikununuliwa. Mzee hajawahi kunipongeza, ila asubuhi nikimwamkia, kabla hata hajamaliza marahaba ananiuliza, "Jana ngapi?"

Ule mti niliurudisha kwenye ufagio wake. Jumatatu iliyopita nimekuta mwingine, mfupi zaidi, umechomekwa nyuma ya mashine ya kufunga katoni. Nimechukua stopuwochi.