Zamu ya Tano

Da' Mkubwa, mwenzangu katika mchezo wetu wa kuchangiana pesa, alinipigia simu Jumatano usiku. Nilikuwa nimejilaza kitanda cha juu, katika chumba chetu cha watu sita mtaa wa Naif, Deira. Taa tulikuwa tumeshazima kwa sababu Wanepali wawili wa vitanda vya chini walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri kwenda kazini. Ilikuwa Agosti 2015, joto la Dubai liko kileleni, ukigusa ukuta saa tano za usiku unaukuta bado una moto.

"Shikamoo, Da' Mkubwa."

"Marahaba, mdogo wangu. Nimekuamsha?"

"Hapana, niko macho."

"Nina ombi. Ukiona haliwezekani useme tu, sitakununia."

Mama yake alikuwa ameteleza uani kwao Pangani na kuvunjika nyonga. Daktari alisema lazima apasuliwe. Ukijumlisha usafiri na kumuuguza, zilitakiwa kama shilingi milioni 3 na nusu. Zamu yake ya mchezo ilikuwa Desemba. Yangu ilikuwa Ijumaa ile, keshokutwa. Alitaka tubadilishane.

Nikamwambia, "Nipe mpaka kesho, Da' Mkubwa."

Nilisema hivyo ilhali jibu nilikuwa nalo tayari, limekunjwa ndani ya pochi: risiti ya arubuni ya dirhamu 1,000.

Tulikuwa watu kumi na wawili. Watanzania saba, Wakenya watatu, Mganda mmoja na Mngazija mmoja. Kijumbe wetu alikuwa mama wa Mombasa aliyekaa Sharjah, maeneo ya Rolla, miaka mingi kuliko sisi sote. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya swala, tulikutana kwake, kila mtu na bahasha ya dirhamu 800. Zinakuwa 9,600, anapokea mmoja. Zamu tulipangana kwa kuokota vikaratasi kwenye bakuli mwezi wa Aprili, mimi nikaokota ya tano, Da' Mkubwa ya tisa. Hakuna riba, hakuna karatasi ya kusaini. Kuna daftari la kijumbe na uso wako.

Mshahara wangu ulikuwa dirhamu 2,800. Nikitoa 800 ya mchezo, 650 ya kitanda na 900 ya kutuma nyumbani Tanga, zinabaki 450 za kula, vocha na treni. Miezi ile nilikula dengu na mkate wa tanuri hadi muuza mkate akawa ananifungia miwili kabla sijafungua mdomo.

Na yote hayo kwa ajili ya saa.

Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni ya kupeleka mahitaji melini: kamba, rangi, mchele, vipuri. Mainjinia wa meli walikuja kukagua mizigo, na kazi yangu ilikuwa kuwanyooshea karatasi wasaini. Siku moja injinia mkuu, mtu mzima wa Kroatia, alivua saa yake ili aingize mkono ndani ya kreti, akanipa niishike. Ilikuwa Omega Seamaster, uso wa buluu uliochorwa mawimbi. Sikuwahi kushika kitu kidogo kizito namna ile. Nyuma, kwenye kifuniko, kulikuwa na mnyama mwenye kichwa cha farasi na mkia wa samaki. Nikaigeuza, nikaona mshale wa sekunde haurukiruki kama wa saa za betri. Unateleza, kama ngalawa iliyopata upepo. Alipoitaka, nilisita kumrudishia.

Tangu siku ile nilisoma kila nilichokipata. Kwamba kampuni hiyo ilianzia mwaka 1848 kwa kijana aitwaye Louis Brandt, katika mji wa La Chaux-de-Fonds, Uswisi. Kwamba mtindo ule wa mawimbi ulitoka 1993 na unahimili maji ya mita 300. Kwamba haina betri: ndani mna kipande cha chuma kinachozunguka kila unapoutupa mkono, kinakaza springi, kwa hiyo ni mwendo wako wewe unaoiendesha. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Mimi niliyekulia Chumbageni katika nyumba isiyo na saa hata ya ukutani, tukienda na adhana na redio ya jirani, nilitaka kitu ambacho kingetembea kwa sababu mimi natembea.

Mpya ilikuwa haigusiki. Lakini ghorofani, kwenye kichochoro kimoja cha Deira, kulikuwa na mzee wa Kigujarati aliyeuza saa zilizotumika. Aliifungua kifuniko mbele yangu, akanipa lenzi ya jicho, nikaona gurudumu dogo likienda mbele na kurudi nyuma kama kifua cha ndege. Haikuwa na boksi wala karatasi zake, na ndiyo maana bei yake ilikuwa ya watu kama mimi. Alianzia 9,500, tukafika 8,700. Nikaweka arubuni kwa pesa ya ovataimu ya Ramadhani. Kwenye risiti aliandika kwa mkono wake kwamba nikipitisha wiki mbili, arubuni imekwenda.

Watu huwaona vijana wa Ghuba na saa za maelfu wakasema hao wameiba, au hao ni wajinga. Mimi niliishi nao, najua walivyozilipa. Mfilipino wa ofisini kwetu alinunua yake kwa kadi ya benki, dukani wakamgawia miezi kumi na miwili bila riba, naye akalipa kila mwezi bila kukosa siku. Mwingine alitumia kadi vilevile lakini akawa analipa kile kiwango cha chini tu wanachokuandikia. Kwa deni la 9,000, riba ya asilimia 3 kwa mwezi ni dirhamu 270, na ukilipa kidogo namna ile deni halisogei. Mpakistani dereva alikuwa na mchezo wake, wao huuita kameti. Wafilipino wenyewe wana paluwagan, Wahabeshi wana equb. Ukiingia stoo yetu mwisho wa mwezi ungeona kila kabila limejikunja kona yake linahesabu noti.

Watu wa Kerala, kule India, wana chitti, na hii nataka niieleze vizuri maana niliifikiria sana usiku ule. Kwao zamu haiokotwi kwenye bakuli tu. Kila mwezi watu wanashindana: mwenye shida kubwa anasema, nipeni mimi leo, nitakubali kupungukiwa kiasi fulani. Anayekubali kupungukiwa zaidi ndiye anayepokea, na kile alichokiacha wanagawana wanachama. Shida inapata mlango wa kupitia, hailazimiki kumpigia mtu simu usiku. Wetu haukuwa hivyo. Wetu zamu ni yako, na mwenzako akikwama hana la kufanya ila kukuomba.

Alhamisi nilipotoka kazini nilipanda ngazi za yule mzee. Nikamuuliza kama anaweza kunisogezea mpaka Desemba. Hakukasirika. Alinionyesha kidole kwenye mstari alioandika, kisha akanionyesha kijana mmoja aliyekuwa ameketi pembeni, akasema huyu naye anaitaka, ana pesa taslimu. Sijui kama ilikuwa kweli. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Kijumbe nilimpigia nikiwa bado kichochoroni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Zamu ni yako, mwanangu," akasema. "Mimi sikulazimishi, na yeye hakulazimishi."

"Lakini wewe unaonaje, mama?"

"Mimi kazi yangu ni daftari."

Nikampigia Da' Mkubwa. Nilimwambia nimeshaweka arubuni ya kitu, na nikiiacha zamu nitaipoteza. Sikumwambia kitu gani. Akanyamaza kidogo, nikasikia mashine ya kukaushia nywele nyuma yake, maana alikuwa akifanya kazi saluni, akisuka na kupaka hina.

"Haya, mdogo wangu. Mungu ni mkubwa."

Ijumaa nilifika kwa kijumbe mapema, nikidhani nitachukua na kuondoka kabla ya wengine. Bahasha ya Da' Mkubwa ilikuwa imenitangulia. Alikuwa ameituma asubuhi kwa Mganda, noti nane za mia mia, na juu yake ameandika jina langu kwa kalamu ya buluu, "zamu ya 5", kama tulivyokuwa tukifanya. Yeye mwenyewe hakuja.

Ile bahasha ndiyo iliyonifundisha hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Mpaka siku ile mimi nilikuwa nimetoa mara tano, dirhamu 4,000. Nilipokea 9,600. Zile 5,600 zilizobaki zilitoka kwa watu saba waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, ambao walikuwa hawajapokea hata senti. Walikuwa wananikopesha bila riba, mmoja wao akiwa na mama aliyevunjika nyonga. Saa ya mtu wa kawaida hulipwa na watu wengi kuliko yule anayeivaa, na mara nyingi hawajui kwamba wanalipia saa. Nililijua hilo pale pale sebuleni, bahasha ziko mapajani. Nikaenda kuinunua.

Sitasema kwamba sikufurahi. Mzee alipunguza vipande viwili vya mkanda wa chuma, akanifunga mwenyewe, nikashuka zile ngazi nikiwa mtu mwingine. Nilitembea mpaka ukingoni mwa Khor, ule mkono wa bahari unaotenganisha Deira na Bur Dubai, nikapanda abra, boti ya kuvushia watu, kwa dirhamu moja kwenda ng'ambo ya Bur Dubai na nikarudi, bila shughuli yoyote, ili tu niuweke mkono kwenye ubao wa boti na kutazama mawimbi yale madogo ya buluu juu ya mawimbi makubwa. Usiku niliiweka sikioni badala ya mto.

Habari za bangili nilizipata kwa kijumbe wiki mbili baadaye, nilipopeleka vitambaa alivyoniagiza. Da' Mkubwa alikuwa na bangili sita za dhahabu, karati 22, gramu 48 zote pamoja. Alizinunua mojamoja kwa miaka minane, na zilikuwa za binti yake atakapoolewa. Alizipeleka soko la dhahabu la Deira Ijumaa ileile niliyokuwa kwenye abra. Umbali kati yetu haukufika hata mwendo wa robo saa kwa miguu. Bangili ukinunua unalipa dhahabu na ufundi, ukiuza unalipwa dhahabu peke yake. Tena wakati ule bei ya dhahabu ilikuwa chini kuliko wakati wowote katika miaka mitano iliyotangulia. Alipata kama 5,700. Zilizopungua alimaliziwa na kijumbe, yule aliyesema kazi yake ni daftari.

Mama yake alipasuliwa salama. Hilo nilimshukuru Mungu kwalo kuliko alivyoshukuru mtu mwingine yeyote, nadhani, na sababu ninaijua.

Ijumaa ya kwanza ya Septemba nilivaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi mwisho, jasho linanitiririka. Tulikula pilau na kachumbari, Mngazija akapokea zamu yake, watu wakampigia vigelegele. Da' Mkubwa alikuwa ameketi mkabala nami. Nilijitahidi nisimtazame mikono, nikamtazama mikono tu. Pale zilipokuwa bangili palikuwa na mkanda wa ngozi nyororo, mwekundu kidogo kuliko sehemu nyingine, kama mahali palipotolewa plasta.

Nilipoinuka kupokea kahawa, mkono wa shati ukapanda.

"Ndiyo hiyo?" akaniuliza.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Sijui nani alimwambia. Pengine hakuambiwa, aliona tu.

"Ndiyo, Da' Mkubwa."

"Hebu nione."

Nikaivua nikampa. Aliipima uzito kiganjani, akaigeuza, akamtazama yule mnyama wa nyuma kwa muda mrefu. Watu wa Pangani ni watu wa bahari. Akaiweka sikioni, akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaipitisha mkononi mwake, mkono uleule, ikakaa juu ya ule mkanda wa ngozi nyororo. Ilikuwa kubwa kwake. Akautikisa mkono mara mbili, tatu, vile wanawake wa kwetu wanavyotikisa bangili kabla ya kuingiza mikono kwenye unga. Saa ikapanda, ikashuka.

"Mbona hailii?" akasema.

Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nami sikupata neno la kumjibu.

Akaivua, akapangusa kioo kwa ncha ya mtandio wake, akanirudishia. Halafu akafungua mkoba, akatoa bahasha yake ya Septemba na kumkabidhi kijumbe.