Nani Anatia Chumvi Katika Chakula Chetu?

Mazungumzo kuhusu vyakula vya haraka, yaani vile vinavyotoka kiwandani vikiwa karibu tayari kuliwa, aghalabu huanza kwa lawama, kwamba watu wa siku hizi ni wavivu na hawataki kupika. Sioni kwamba lawama hiyo ina haki, kwa kuwa vyakula hivi vilianza kwa mahitaji, si kwa uvivu. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimtuza Nicolas Appert faranga 12,000 kwa kuonyesha kwamba chakula kilichofungwa barabara ndani ya chupa, kisha kikachemshwa, hukaa muda mrefu bila kuharibika. Waliokihitaji zaidi walikuwa wanajeshi na mabaharia. Momofuku Ando naye, alipoanza kuuza tambi za kuiva kwa maji ya moto nchini Japani mwaka 1958, alikuwa akikumbuka njaa aliyoishuhudia baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Zaidi ya hayo, sufuria inayokaa jikoni kwa saa nyingi huwa na mtu anayeilinda, na kwa vizazi vingi mtu huyo alikuwa mwanamke, ambaye saa zake hakuna aliyezihesabu. Anayetamani zama zile zirudi aseme kwanza ni nani atakayesimama jikoni.

Ninachokiona kuwa mabadiliko makubwa ni kuhama kwa maamuzi. Anayepika nyumbani huonja, hupunguza chumvi kwa sababu ya mgonjwa wa shinikizo la damu, na hukadiria mafuta kwa jicho. Chakula kinapotoka kiwandani, maamuzi hayo yote yamekwisha kufanywa na watu wasiomjua mlaji, ambao wanafikiria ladha itakayowapendeza wengi, gharama ya malighafi, na miezi ambayo bidhaa itakaa rafuni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, lakini pakiti moja ya tambi, ikiliwa pamoja na kiungo chake chote, inaweza kumaliza nusu ya kiasi hicho au hata zaidi. Mlaji hakushika kijiko chochote cha chumvi, kwa hiyo haoni kwamba amezidisha.

Hata hivyo, si chumvi na sukari peke yake. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walichapisha utafiti ambamo watu wazima 20 waliishi kituoni kwa wiki nne, wakila vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, yaani vilivyoundwa upya kiwandani, kwa wiki mbili na vyakula visivyosindikwa sana kwa wiki mbili nyingine. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu aliruhusiwa kula hadi atosheke. Katika zile wiki za vyakula vya viwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja, na walikula kwa kasi zaidi. Watu 20 ni wachache, nakubali, lakini suala la kasi linanishawishi, kwa kuwa chakula laini kisichohitaji kutafunwa humalizika kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema limeshiba.

Kisha kuna saa ya kula. Chakula cha sufuria moja kilikuwa kikiwalazimisha watu wakutane, kwa sababu kinapoa, na kukipasha moto upya ni kazi na gharama. Friza na mikrowevu vimeondoa ulazima huo: kila mtu ana pakiti yake na saa yake, na watu wanaoishi nyumba moja wanaweza kumaliza wiki nzima bila kula pamoja. Mtoto anayekulia humo hapati nafasi ya kutazama mtu akipika, na bila kutazama ni vigumu sana kujifunza.

Haifai, lakini, kuvitia vyakula vyote vya viwandani katika kapu moja. Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo alipendekeza mwaka 2009 vyakula vipangwe kwa kiwango cha usindikaji, na katika mpangilio huo mbogamboga zilizogandishwa haziko kundi moja na soda. Kuhifadhi chakula ni jambo moja; kukivunjavunja na kukiunda upya kwa rangi, ladha na viungo ambavyo hakuna jiko la nyumbani lenye navyo ni jambo jingine.

Kwa kuwa maamuzi yako kiwandani, naona huko ndiko pa kuyafuata. Tangu mwaka 2016 Chile inawalazimu watengenezaji waweke alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti ya chakula kilichozidi viwango vya sukari, chumvi, mafuta magumu au kalori. Baadhi yao walipunguza sukari na chumvi ili kuikwepa alama hiyo. Wengine, kwa ujanja ambao sheria haikuuziba, waliondoa sukari wakatia vitu vingine vya kuleta utamu bila kalori, na ulimi wa mlaji ukabaki umezoea utamu uleule.