Chesnati kwenye jiko la Mama

Mdogo wangu alitua Ijumaa na watoto wake wawili, na sanduku lenye makoti matatu ambayo hayatavaliwa Mombasa hata siku moja. Chini ya makoti, kilo mbili za chesnati mbichi na pakiti ya unga wa chesnati. Anaishi Cuneo, kule kaskazini-magharibi mwa Italia karibu na milima ya Alpi, mwaka wa tisa sasa. Hata viatu hajavua akanitangazia, "Dada, mwaka huu mapochopocho ya Krismasi ni yangu. Wewe kaa."

Nikakaa. Kaskazi inavuma, maembe ya ngowe yanadondoka uani, jikoni joto nyuzi 32, na yeye ananieleza vitu ambavyo wenzake huko hula huku wakiota moto.

Kwa wasioijua: chesnati kwa sura inafanana na njugu kubwa ya kahawia inayong'aa kama mbao iliyopigwa vanishi, lakini usiifananishe na korosho. Mafuta yake ni kidogo sana, imejaa wanga, na ikiwa mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kwa hivyo inaoza kama tunda. Hili tulilijua kwa kuumia. Kilo moja tuliiweka kwenye bakuli juu ya meza ipendezeshe sebule, na Jumatatu asubuhi zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Bakuli zima. Mdogo wangu alisimama akaziangalia, hakusema neno, akazimwaga. Ile kilo nyingine ilipona kwa sababu Mama aliitia kwenye friji chini ya sukuma wiki, akidhani ni viazi vya aina fulani.

Jioni Mama akawasha jiko la makaa uani. Sharti, mdogo wangu akasema, kila moja ichanjwe ganda kwa kisu kabla ya kuchomwa, kwani yale maji ya ndani yanageuka mvuke na mvuke lazima utoke. Mama akaona ni maringo ya Ulaya. Akachukua moja isiyochanjwa, akaitupa kwenye makaa. "Tuone."

Tulingoja, tukasahau. Kisha ikapasuka mlio kama wa fataki, majivu yakarukia leso yake, paka wa jirani akapanda ukuta, na wale watoto wakaanguka chini kwa kucheka. Mama akajipangusa. "Haya, nimeona."

Kazi yenyewe ni kumenya. Lazima umenye zingali za moto, maana kuna ngozi nyembamba ndani, kama ile ya njugu karanga, na ikishapoa hushika kiasi kwamba unatoka na vipande tu. Vidole vyangu bado vinaniwasha ninapoandika. Mama ndiye aliyeonja kwanza. Alitafuna taratibu, macho yako juu kwenye mwembe.

"Hizi ni kokwa za fenesi."

"Mama, ni chesnati. Zimetoka Italia."

"Zitoke zitokako. Kokwa za fenesi ukizichemsha na chumvi, ni hizi hizi."

Nikaonja. Mama hakukosea. Utamu wa chini chini, unga unga mdomoni, kama kiazi kitamu kikavu. Mdogo wangu alinuna kidogo, kisha nikamwona akila ya pili kimya kimya, kama mtu anayekumbuka.

Kitamu cha kwanza alichotengeneza ni cha chesnati zilizopondwa, zikarundikwa kama kilima, juu krimu iliyopigwa. Wamekipa jina la Mont Blanc, ule mlima wenye theluji mpakani mwa Ufaransa na Italia. Theluji yetu haikudumu hata dakika kumi. Tulikula kwa vijiko kutoka vikombeni, na ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Cha pili ndicho kilichonikaa moyoni. Ni keki nyembamba ya watu wa Toscana iitwayo castagnaccio, unatamka kastanyacho: unga wa chesnati nusu kilo, maji kiasi cha mililita 650, mafuta ya zeituni, zabibu kavu, rozmari, na mbegu za msonobari, ambazo sisi tuliziondoa tukatia korosho. Hamira hakuna. Mayai hakuna. Sukari hakuna. Mama aliuliza mara tatu kama hatujasahau sukari. Milimani huko mchesnati uliitwa mti wa mkate, kwa kuwa ngano ilikuwa shida kuota na unga huu ndio uliowavusha watu miezi ya baridi. Baada ya kuelezwa hivyo Mama aliacha kuuliza. Mhogo anaujua.

Rojo likiwa tayari kwenye sinia, stima ikazima. Mdogo wangu akashika kichwa. Mama akasema neno moja: "Palieni." Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, kama tunavyofanya mkate wa sinia. Baada ya kama dakika arubaini tukafunua, uso wa keki umepasuka pasuka kama tope la mikoko maji yakishatoka. Mdogo wangu akasema ndivyo inavyotakiwa. Tulikula na kahawa chungu. Watoto walikataa, wakaomba kaimati.

Usiku, wengine wamelala, akanieleza anavyopika mahamri Cuneo. Januari unga unakaa saa tatu haujafura, kwa hivyo huliviringisha bakuli kwa leso akaliweka juu ya hita, na kila mara huenda kulichungulia kama mtoto mgonjwa. Nikamwambia mimi wangu wa asubuhi niliusahau kidogo tu, nikaukuta umefura mpaka umemwagika mezani. Akacheka hadi machozi. Sijui yalikuwa ya kucheka yote.

Kesho tunaenda Kongowea kutafuta fenesi. Mama anataka kokwa zake zipondwe na tui zito na iliki, naye amesema hatapokea ushauri wa mtu.

Nusu pakiti ya unga imebaki. Nilimwambia arudi nayo, huko ataihitaji kuliko mimi. Sasa hivi nimefungua kabati kutafuta majani ya chai, nikaikuta nyuma ya kopo la sukari, imefungwa kwa mpira wa nywele wa mwanawe.