Siku moja na pikipiki inayotikisa mkia

Saa 1:00 asubuhi
Anayeniletea pikipiki ya safari kwa malalamiko ya kuyumba namwomba ailete jioni, ilale gereji. Nataka kupima upepo tairi zikiwa baridi kabisa. Tairi lililotoka barabarani linadanganya: limepata joto, upepo umepanda, na geji inasoma namba nzuri kwenye tairi lenye njaa.

Ya leo ni dude la kilo 380, la shafti badala ya cheni, lenye masanduku mawili ubavuni na la tatu nyuma ya mgongo wa abiria. Tairi la mbele lilikuwa sawa. La nyuma lilisoma 33, na kitabu chake kinataka 42 ikibeba watu wawili na mizigo. Kijana wangu alikuwa ameshashika mpira wa kompresa. Nikamwambia aandike kwanza, kujaza baadaye. Ukijaza kabla ya kuandika umefuta ushahidi.

Tairi lenyewe limelika katikati likawa bapa, kama limepigwa randa. Ndivyo zinavyokuwa za watu wa barabara kuu ndefu. Kwenye ubavu wake, tarakimu nne: 1417. Limetengenezwa wiki ya 14, mwaka 2017. Nikaandika na hilo.

Saa 2:15
Mwenyewe alifika na mkewe. Mzee akaanza na dawa kabla ya ugonjwa, kama wengi.

"Fundi, hizi ni beringi za usukani tu. Kuna gereji waliniwekea mpya mwezi uliopita, nadhani hawakuzikaza vizuri."

"Inayumba lini, mzee?"

"Inayumba tu. Wakati wote."

Mama alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. "Si wakati wote," akasema. "Kwenye foleni anaiendesha kama mlevi, mara huku mara kule. Hilo ni moja. Lakini tukipita 100, mimi wa nyuma ndiye ninayeanza kujua. Kiti kinanipeleka kiuno kushoto, kulia, polepole. Halafu ndiyo namwona yeye anakaza mabega."

Nikamgeukia mzee. "Na ukiwa peke yako?"

"Peke yangu, masanduku matupu, mwendo mkubwa hauna shida." Akafikiri kidogo. "Ila kwenye foleni ni vilevile."

Ningempa mama spana siku hiyohiyo. Kwa dakika tano alikuwa ametenganisha magonjwa mawili ambayo mzee aliyaita kwa jina moja.

Hapa kwetu gereji tunasema pikipiki inatikisa kichwa au inatikisa mkia. Ya kichwa ni ya haraka, usukani unapigapiga mikononi hata mara 10 kwa sekunde, na mara nyingi hujitokeza unapoachia mafuta mwendo ukishuka kutoka 70 kuelekea 50. Hapo natazama tairi la mbele, balansi yake, na beringi za usukani zilizolegea. Ya mkia ni ya taratibu, mara 2 mpaka 4 kwa sekunde, mwili mzima wa pikipiki unapinda na kurudi, na inazidi kadiri mwendo na uzito wa nyuma unavyozidi. Hiyo ndiyo inayomchezesha mama kiuno. Halafu ipo ya tatu, ya mwendo mdogo: usukani ukiwa mzito kujirudi, dereva anausahihisha kila nukta, anapitiliza, anausahihisha tena. Kwa anayetazama kutoka nje, mlevi.

Nikamuuliza mzee anafanya nini mkia unapoanza. "Nabana usukani kwa nguvu." Nikamwomba asirudie. Ukiubana unaulisha mtikisiko kwa mikono yako. Shika kwa wepesi, achia mafuta taratibu, inamia mbele uzito utoke nyuma, na breki usiikamate ghafla.

Saa 3:00
Usukani kwanza, kwa sababu ni rahisi. Gurudumu la mbele hewani, sukuma kidogo kutoka katikati. Unatakiwa uanguke wenyewe hadi mwisho, bila kukwama. Huu ulisimama pale ulipoachwa, kama mwiko kwenye uji mzito. Mzee alidhani hawakukaza. Walikaza kupita kiasi. Kosa hili nalijua, nilishalifanya. Unakaza nati ya chini mpaka mkono unaridhika, kisha unaifunga nati kubwa ya juu, nayo inaongeza mgandamizo ambao hukuuhesabu. Kipimo cha kweli ni baada ya nati ya juu.

Kijana aliufungua usukani, tukakuta beringi nzima, bahati yake. Tukakaza upya kwa spana ya kipimo, tukazungusha, tukapima, tukalegeza robo, tukapima. Ukaanguka vizuri pande zote mbili.

Saa 4:30
Nikajaza tairi la nyuma hadi 42, nikapakia masanduku kama mzee anavyosafiri, nikatoka. Mwendo mdogo ulikuwa safi. Nikapandisha kidogokidogo: 90, kimya. 100, kimya. Kwenye 110 lori likanipita upande wa pili, upepo wake ukanisukuma, na mkia ukajibu: kushoto, kulia, kushoto, kisha ukafa wenyewe. Upepo wa tairi ulisaidia, lakini haukumaliza. Nikarudi.

Kijana akauliza kwa nini hatukutengeneza vyote kwa pamoja tukaenda mara moja. Kwa sababu ikipona hutajua kilichoiponya, na ikirudi kuumwa unaanza upya.

Saa 5:20
Stendi kubwa, gurudumu la nyuma hewani. Nikalishika juu na chini, nikalisukuma. Kuna plei, yaani linachezacheza. Ndogo, lakini ipo. Hapa ndipo watu wanapokimbilia kununua beringi za gurudumu. Nikamwambia kijana aweke kidole pale mkono wa nyuma, ule unaolishikilia gurudumu, unapoungana na fremu, nusu kidole juu ya mkono, nusu juu ya fremu. Nikasukuma tena.

"Inacheza hapa, fundi."

Basi si gurudumu. Mkono mzima unahama, na mkono ukihama gurudumu la nyuma linageuka kuwa usukani wa pili ambao hakuna aliyeushika. Ukiwa peke yako haionekani. Mpakie mama na sanduku, mlango unafunguka.

Saa 6 mpaka saa 10
Kazi ya kuchosha, sina mengi ya kusimulia. Gurudumu, shafti, shokapu, mkono. Beringi ya kushoto ilikuwa kavu, ina kutu na alama za vijishimo kwenye kikombe chake. Ya kulia ilikuwa na uhai, lakini nilibadilisha zote mbili, kabati lilikuwa na seti. Grisi ya kutosha, kisha kukaza kwa kipimo cha kitabu, kisha nati ya kufungia. Kijana akaweka kidole tena. Hakuhisi kitu.

Nikiwa nasubiri afunge boliti za mwisho nilipima lile sanduku la juu kwenye mizani. Kilo 19. Ndani ya kifuniko chake kuna kibandiko: mwisho kilo 10.

Saa 10:30
Mzigo uleule, tairi lilelile, barabara ileile. 110, lori, upepo. Pikipiki ikasukumwa mara moja, ikarudi kwenye mstari. Nikasubiri lori jingine ili nijiridhishe. Vivyo hivyo.

Saa 11:15
Walizunguka wawili, wakarudi. Mzee akaanza kunieleza jinsi usukani ulivyokuwa mwepesi. Mimi namtazama mama. "Kiti kimetulia," akasema.

Nikawaonyesha kibandiko cha sanduku. Mzee akamtazama mkewe, mkewe akamtazama mzee, na nikaelewa kwamba suala la nani ana mizigo mingi halinihusu. Vitu vizito vishuke kwenye masanduku ya ubavuni, chini na karibu na kiti. La juu libaki na makoti.

Kwenye kadi yake nimeandika: tairi la nyuma libadilishwe kabla ya safari ijayo, usukani upimwe tena baada ya kilomita 1,000, beringi zikishakaa.