Tafakari ya wiki: Miserando atque eligendo

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii kuna jambo limenielemea sana, mdogo wangu amerudi nyumbani baada ya pombe kumpoteza muda mrefu, na ndugu wengine wanasema asipokelewe kwanza, ajirekebishe ndo tukae naye. Na aliyoyafanya yanauma kweli, siwalaumu.

Katikati ya hayo nikarudi kwenye maneno ya Kilatini ya nembo ya Papa Fransisko, miserando atque eligendo. Aliyachukua alipofanywa askofu 1992 kule Argentina, akabaki nayo hata alipochaguliwa kuwa Papa 2013. Yametoka kwenye homilia ya Mtakatifu Beda, mmonaki wa Uingereza aliyefariki 735, akieleza Yesu alivyomwita Mathayo, mtoza ushuru. Na Papa mwenyewe wito wake aliusikia kwenye kitubio, sikukuu ya Mathayo, 21 Septemba 1953, akiwa bado kijana.

Sasa maana yake. Atque ni "na" tu. Eligendo ni kuchagua, miserando ni kuhurumia, lakini hilo la miserando Papa alisema Kiitaliano na Kihispania vinashindwa kulitafsiri, ikabidi atunge neno lake. Kiswahili chetu kinaliweza jamani, ni ile -ki- yetu: Yesu alimtazama akimhurumia na akimchagua. Siyo alimhurumia, akamsubiri anyooke, halafu ndo akamchagua. Ni mtazamo mmoja!

Mathayo alikuwa bado ameketi forodhani, yuko kazini, hajarudisha hata senti ya mtu, na hapo hapo anaambiwa "Nifuate". Akainuka. Aliinuka kwa sababu ameitwa, tusigeuze mpangilio. Ndo maana nimewaambia ndugu mdogo wetu atakaa nyumbani, hela ya mkononi hatapewa lakini sahani yake itakuwepo mezani.

Na hapa wanajumuiya niwaseme kidogo, mnisamehe. Mtu amepotea miezi mingi, siku anayorudi kabla hata hajapata pa kukaa tunamuuliza michango, tunamuuliza ndoa yake itabarikiwa lini, halafu wiki inayofuata haonekani tunashangaa. Mafarisayo nao walikuwa watu wa sala na wa kufunga, hawakukosa ibada, lakini wakauliza mbona mwalimu wenu anakula na watoza ushuru? Yesu akawaambia nendeni mkajifunze maana ya maneno haya, "Nataka rehema, wala si sadaka". Watu wanaojua Maandiko kwa moyo wanatumwa wakajifunze upya! Basi na sisi tunaojua nyimbo zote na majibu yote ya Misa tukubali kutumwa.

Kama kuna jina limekujia ukiwa unasoma hapa, mpigie leo, usiishie kwenye meseji, mwambie Jumamosi jumuiya inasali kwa nani, na umpitie muende wote.