Tulivyobishana kuhusu Hillary na Wizara ya Mambo ya Nje

Obama alishinda Jumanne, Novemba 4, 2008. Alhamisi yake Rais Kibaki akaipa Kenya nzima mapumziko, na huku Lowell, Massachusetts, sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa bado tunapigiana simu kupongezana. Wiki mbili hazijaisha, ikavuja habari kwamba Obama amemwita Hillary Clinton Chicago na anataka kumkabidhi Wizara ya Mambo ya Nje. Watu waliokuwa wamekumbatiana usiku wa matokeo wakaanza kukatana kauli.

Aliyeufuatilia mwaka ule anajua kwa nini jambo hilo liliuma. Kura za mchujo za chama cha Democratic zilikuwa miezi mitano ya kurushiana maneno. Obama alisema angekuwa tayari kukutana na viongozi wa Iran na Cuba bila masharti, Hillary akamwona hajui mambo ya dunia. Obama naye akazidharau safari za Hillary za enzi za kuwa mke wa Rais, kwamba kunywa chai na wakubwa si uzoefu. Kisha likaja lile tangazo la televisheni kabla ya mchujo wa Texas: watoto wamelala, ni saa tisa usiku, simu inalia White House, je, unataka nani aipokee? Taarifa za habari zililirudia mno. Wengi wetu tulikuwa tunatunza wazee kwa zamu za usiku, na saa tisa ndiyo saa tuliyokuwa macho, televisheni ya sebuleni ikiongea peke yake.

Mwalimu ndiye aliyeumia kuliko wote. Alikuwa Mkenya wa makamo, aliyefundisha historia Nakuru kabla ya kuhamia Marekani, na sote tulimwita hivyo hivyo, Mwalimu. Alikwishapata uraia. Wiki ya kwanza ya Januari 2008 alivuka mpaka wa New Hampshire, ambao kutoka Lowell si mbali, akazunguka Nashua kwenye theluji akigonga milango ya watu kumwombea Obama kura. Mchana anagonga milango, usiku anapiga simu Burnt Forest kumtafuta dada yake, ambaye nyumba yake ilikuwa imechomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya. Dada akapatikana hai, kambini. Obama akashindwa New Hampshire, asilimia 36 kwa 39 za Hillary. Mambo hayo mawili yaliingia moyoni mwa Mwalimu kwa wakati mmoja na sidhani kama aliwahi kuyatenganisha.

Alhamisi ya Novemba 27 ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na kama kawaida tulikutana kwake. Bata mzinga alikuwepo, maana watoto walimtaka, lakini watu wazima walikuwa wanalisubiri sufuria la pilau na nyama ya mbuzi. Televisheni ilikuwa imepunguzwa sauti. Tangu jana yake Mumbai ilikuwa inashambuliwa, na kila ukiinua macho kutoka kwenye sahani unaona hoteli ya Taj, moshi unafuka juu ya kuba lake, watu wanashushwa madirishani kwa ngazi.

Kijana mmoja wa Moshi aliyekuwa anasoma chuo kikuu pale mjini akasema, "Mambo kama haya ndiyo yanamtaka mtu kama Hillary. Anajuana na kila mtu."

Mwalimu akaweka sahani chini. "Na Kerry je?"

Hapo lazima nieleze. John Kerry alikuwa seneta wetu wa Massachusetts, na wengi pale walimhesabia wizara ile kuwa yake. Ndiye aliyempa Obama jukwaa la mkutano mkuu wa Democratic, Boston, mwaka 2004, siku dunia ilipomjua. Siku mbili tu baada ya Obama kushindwa New Hampshire, wakati wengine wanapima upepo, Kerry alijitokeza hadharani kumuunga mkono. Alikuwa amekaa kwenye Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti zaidi ya miaka 20. Yeye na Ted Kennedy walisimama na Obama, na bado wapiga kura wa Massachusetts wakampa Hillary jimbo, asilimia 56.

"Huyo alisimama na yeye kwenye baridi," Mwalimu akasema. "Sasa kazi apewe nani? Yule aliyemwambia hawezi kupokea simu usiku. Nyinyi mnaita hiyo siasa?"

Nikamwambia, kwa heshima maana alikuwa mkubwa kwangu, "Mwalimu, wizara si zawadi ya rafiki. Kerry atabaki rafiki hata asipopewa chochote. Ila Hillary ana watu milioni 18 waliompigia kura. Hao akiwaacha nje ya nyumba, watakaa nje wakimsubiri miaka minne."

"Sikiza, dada yangu. Hiyo ndiyo tuliambiwa sisi. Mwingize ndani ndio asilete fujo. Tukapata nusu mkate."

Ukumbi mzima ulinyamaza, kwa sababu nusu mkate haikuwa habari ya mbali. Februari 28 mwaka uleule Kibaki na mpinzani wake Raila walitia saini mkataba wa kugawana serikali mbele ya mpatanishi Kofi Annan, baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa. Aprili likaapishwa baraza la mawaziri wapatao 40, kila upande ukihesabu viti vyake. Kufikia Novemba Wakenya walikuwa wamechoka kusikia wakubwa wakigombea nani atangulie kukaribishwa na nani akae kiti gani, huku dada yake Mwalimu bado yuko kwenye hema.

Na hofu ya Mwalimu haikuwa kisasi peke yake. Alikuwa na hoja, na aliijenga kama mtu aliyesimama mbele ya ubao. Waziri wa Mambo ya Nje, alisema, ni mdomo wa Rais. Mgeni akimsikiliza lazima aamini kwamba anamsikia Rais mwenyewe. Siku atakapohisi kwamba waziri ana mipango yake, atapita katikati yao. Atamwendea huyu akikataliwa na yule. "Mafahali wawili hawakai zizi moja," akasema, "na hawa wawili bado wana pembe zao."

Nilimjibu kwa habari ya kwetu. Julai 1995 nilikuwa msichana wa sekondari Tanga, na baba yangu alikaa na redio mkutano mkuu wa CCM ulipokuwa unachagua mgombea Dodoma. Jakaya Kikwete aliongoza raundi ya kwanza. Raundi ya pili Benjamin Mkapa akampita kwa kura chache. Mtu aliyekaribia kiasi kile kuukosa urais ana kila sababu ya kununa. Mkapa alipoingia Ikulu alimfanya Kikwete Waziri wa Mambo ya Nje, na akakaa kwenye kiti hicho miaka 10, hadi alipogombea na kushinda mwenyewe mwaka 2005. Katika miaka hiyo 10 sikumbuki mgeni aliyefaulu kumchonganisha na Rais wake.

"Na mkataba wenu wa Februari," nikaongeza, "nani alikaa na Annan, Kibaki na Raila mpaka wakasaini? Si Kikwete? Mpinzani aliyepewa Mambo ya Nje ndiye aliyekuja kuwapatanisha nyinyi."

"Mkapa na Kikwete walikuwa chama kimoja."

"Obama na Hillary je?"

Kijana wa Moshi akapiga makofi. Mwalimu hakucheka, lakini alikuwa mwalimu kweli, hoja ikiwa nzuri aliikubali na kutafuta nyingine. "Kikwete hakuwa na mume aliyewahi kuwa Rais," akasema. "Bill anazunguka dunia nzima akikusanya michango ya taasisi yake. Mfalme aliyemchangia Bill jana, leo anaongea na nani? Na Marekani au na familia?" Hiyo sikuweza kuifuta, na baadaye wakubwa waliiona pia. Bill Clinton alilazimika kutoa hadharani majina ya wachangiaji zaidi ya 200,000, Saudi Arabia ikiwemo.

Nilibaki na hoja moja niliyoiamini kuliko zote. Juni 7, Washington, Hillary alisimama mbele ya watu wake, wengine wanalia, akawaambia wampigie kura Obama. Kisha akafunga safari akamfanyia kampeni. Tofauti yake na nusu mkate ilikuwa pale. Kenya mwaka ule hakuna aliyekubali kwamba ameshindwa, kwa hiyo kila mmoja aliingia serikalini kama mdai. Hillary aliyeitwa Chicago hakuwa akimdai Obama kura hata moja. Obama angeweza kumwita, angeweza kutomwita, na siku akitaka angeweza kumfukuza. Kibaki na Raila hakuna aliyeweza kumfukuza mwenzake bila kuirudisha nchi motoni. Nilisema hayo nikiwa nimesimama, sahani mkononi, sauti juu kuliko inavyofaa nyumbani kwa mtu.

Mke wa Mwalimu alikuwa anatoka jikoni na chai. Alikuwa ametusikiliza muda wote. "Mimi sijali nani alimtukana nani," akasema. "Mtoto wangu amevaa sare ya jeshi la Marekani. Oktoba 2002 huyo mama alipiga kura ya kumruhusu Bush aende Iraq. Obama alisimama Chicago mwezi huohuo akasema ni vita vya upumbavu. Mimi nilimpenda kwa hilo. Sasa anampa yeye ufunguo?"

Hakuna aliyemjibu. Mwalimu aliitazama televisheni, mimi nikapokea kikombe. Katika yote yaliyosemwa siku ile, mpaka leo naona hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko hoja yangu, na nasikitika kwamba sisi wengine tulikuwa tumebishana saa nzima kuhusu nani alimkosea nani bila kuitaja Iraq.

Jumatatu ya Desemba 1 Obama alisimama Chicago na Hillary pembeni yake, pamoja na Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Bush, aliyebakizwa kazini. Mwandishi mmoja akamkumbusha ile dharau ya chai. Obama akamjibu kwamba waandishi wanafurahia kufukua maneno ya kampeni. Simu yangu ikaita papo hapo, ni Mwalimu: "Umeona? Yeye mwenyewe hawezi kuyatetea maneno yake." Nikamwambia ameyaacha nyuma, na mtu anayetaka kuongoza nchi lazima ajue la kuacha.

Mwezi ule akanipigia tena, safari hii na Katiba. Alikuwa amegundua kifungu kinachomzuia seneta kuteuliwa kwenye cheo ambacho mshahara wake umepandishwa akiwa bungeni, na wa Waziri wa Mambo ya Nje ulikuwa umepandishwa. Alidhani uteuzi umekwama. Bunge likaurudisha mshahara chini, kutoka dola 191,300 hadi 186,600, na Bush mwenyewe akatia saini. Mwalimu alivutiwa na jambo hilo kuliko alivyokasirika. Alinisomea kifungu chote kwenye simu, polepole, na akasema angekuwa bado Nakuru angekifundisha.

Januari 13, 2009, Hillary alihojiwa na Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti. Kwenye kiti cha mwenyekiti alikaa John Kerry. Nilikuwa nimetoka zamu asubuhi ile na sikulala. Nilimwangalia Kerry kwa makini, kwa ajili ya Mwalimu, nikitafuta dalili ya kinyongo, na sikuiona. Seneta Lugar, wa chama cha Republican, ndiye aliyekomalia michango ya taasisi ya Bill, na alifanya vizuri kukomalia. Wiki iliyofuata, siku moja baada ya Obama kuapishwa, Seneti ikampitisha Hillary kwa kura 94 dhidi ya 2.

Agosti ile Hillary akaenda Nairobi kwa mkutano wa AGOA, mpango wa biashara kati ya Marekani na Afrika. Mwishoni mwa Julai baraza la mawaziri la nusu mkate lilikuwa limeamua kutounda mahakama maalumu ya waliochochea mauaji. Alikutana na Kibaki, akakutana na Raila, kisha akasema wazi kwamba Marekani imesikitishwa, na kwamba nchi isiyo na taasisi imara inaachia rushwa na ghasia za kisiasa ziendelee. Obama alikuwa amesema jambo hilohilo Accra mwezi uliotangulia, kwamba Afrika inahitaji taasisi zenye nguvu, haihitaji watu wenye mabavu.

Safari hii nilimpigia mimi. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kama amemsikia.

"Nimemsikia. Na dada yangu amemsikia, kwa redio."

"Basi niambie, Mwalimu. Yale ya Nairobi yalikuwa ya Obama au ya Hillary? Kuna waziri wa Kenya aliyeweza kupita katikati?"

Alifikiri kidogo. "Hapana, leo hakuna," akasema. "Lakini ni mwaka wa kwanza huu, dada yangu. Wacha tuone wa nne."