Mama ana moyo uliotanuka, damu ikaisha: tulivyomuongezea bila kumzamisha tena

Mama ana miaka 71, moyo umetanuka, dawa anakunywa mwaka wa nne sasa. Mwezi wa pili akaanza kuchoka ovyo, kutoka chumbani mpaka jikoni lazima akae kwanza, mi nikajua ni moyo ule ule tu. Kumbe damu. HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, 6.1.

Hospitali ya kwanza, siitaji, wakasema chupa mbili fasta na mi nilifurahi kabisa, nikawakusanya wadogo zangu wakatoe damu, akilini mwangu ikiingia nyingi ndo anapona haraka. Chupa ya kwanza ikaisha kama saa moja na nusu, ya pili ikaunganishwa hapo hapo. Saa saba usiku mama anakohoa, hawezi kulala chali, kanishika mkono ananiambia "mwanangu nazama". Nesi akafunga drip, wakamkalisha, oksijeni, sindano ya Lasix ya kutoa maji mwilini, akakojoa weee ndo pumzi ikarudi.

Asubuhi dokta akasema damu haikuwa mbaya wala grupu halikukosewa, ni pampu dhaifu, ukiimwagia mzigo kwa haraka maji yanarudi kwenye mapafu.

Mwezi wa tano HB ikashuka tena, 6.9, hospitali nyingine, safari hii nikaingia na daftari na maswali. Wakampa seli nyekundu tu siyo damu nzima, chupa MOJA, ikatiririka masaa matatu na nusu (haitakiwi kuzidi manne tangu itoke kwenye friji), Lasix wakampa, presha na pumzi wanapima mi naandika. Nesi mmoja alinichoka lakini alipima. Kabla ya kufikiria ya pili wakarudia HB: 8.0. Kawaida chupa moja inapandisha kama 1 kwa mtu mzima. Wakaishia hapo.

Nikabishana, mbona msifikishe 10? Dokta akasema hana maumivu ya kifua, pumzi imetulia, 8 inamtosha, ila angekuwa ametoka kupata heart attack hesabu ingebadilika. Nilivyorudi nyumbani nikasoma kuhusu MINT, utafiti wa 2023, wagonjwa 3,504 wa heart attack wenye damu pungufu, wengine wanaachwa kwenye 7 au 8 wengine wanafikishwa 10. Waliokufa au kupata shambulio tena ndani ya siku 30 ni 16.9% kwa walioachwa kwenye 7 au 8, na 14.5% kwa waliofikishwa 10, tofauti ambayo bado inaweza kuwa bahati tu. Nikaacha ubishi.

Sasa damu inaenda wapi? Hapo ndo nilijilaumu. Bimkubwa alikuwa anameza diclofenac, dawa za maumivu ya magoti, juu ya aspirin ya moyo, zote zinachubua tumbo, choo cheusi (damu hiyo) miezi kadhaa na hakusema, aliona aibu. Kamera ikaonyesha kidonda tumboni. Diclofenac marufuku, dawa ya vidonda, na madini ya chuma kwa drip maana vidonge havikumsaidia. Juzi HB 10.8 bila chupa hata moja.

Jana nimekuta karatasi ya diclofenac imefungwa kwenye pindo la khanga yake.